Majalada Pacha

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapelekea magavana wake maagizo juu ya karatasi. Serikali mpya zisikabidhiwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia. Wala zile za kuwaaibisha polisi, askari, watumishi wa serikali au watu wengine kama vile wanaowapelekea polisi habari. Wala zinazoweza kufichua vyanzo vya habari za kijasusi. Wala zile ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia kinyume cha maadili.

Isome tena orodha hiyo, taratibu. Mtu maskini aliyepeleka habari polisi na ambaye jina lake likijulikana atauawa, na ofisa aliyeamuru mahabusu wapigwe, wamewekwa bega kwa bega, chini ya kinga moja. Nimesomesha historia miaka mingi na bado sijaona mahali pengine ambapo tatizo lote la siri katika nchi ya kidemokrasia limebanwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Nchini Kenya maagizo hayo yaligeuka kazi ya kila siku ya masijala. Majalada yalitengwa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa Legacy, urithi ambao Waafrika wangeachiwa. La pili liliitwa Watch, na karatasi zake ziligongwa muhuri wa herufi W. Mtumishi aliyeruhusiwa kushiriki kazi hiyo alipaswa kuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika, hata angekuwa amelitunza jalada hilo miaka kumi kwa mikono yake, alitakiwa akae nje. Na kwa kuwa jalada likichomolewa katikati ya wenzake huacha pengo, na pengo husema, liliundwa jalada la bandia la kuliziba. Maagizo yaliliita pacha. Majalada ya urithi hayakutakiwa kutaja popote kwamba kuna fungu jingine. Hata mihuri yenyewe maofisa walionywa waiweke pahala salama.

Yasiyosafirishwa yalichomwa, na majivu yakapondwapondwa. Palipokosekana moto, maelekezo yaliruhusu masanduku yatiwe vitu vizito na kuzamishwa baharini, mbali na pwani, kwenye maji ya kina yasiyo na mkondo. Walikuwa wamejifunza. Mwaka 1947 moshi wa karatasi uliotanda juu ya Delhi uliyapa magazeti ya India jambo la kuandika. Mwaka 1957, Malaya ilipokaribia uhuru, malori matano yalibeba shehena kutoka Kuala Lumpur hadi Singapore ili ikachomwe kwenye tanuri la jeshi la wanamaji, mbali na macho ya watu. Kenya ilipofikia zamu yake, kuficha kulikuwa kumeshakuwa fani yenye kanuni.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na kasoro moja, na mimi nadhani ndiyo iliyowaumbua. Anayeteketeza alitakiwa aandike hati kwamba ameteketeza. Ukarani wa Kiingereza, hata unapotenda la aibu, haulali mpaka uwe umejaza fomu.

Mimi sikuanza kwa kutafuta ujasusi. Nilikwenda Uingereza kusoma shahada ya pili, nikiwa na nia ya kuandika juu ya Mwambao: lile vuguvugu la miaka ya mwanzo ya sitini la wenyeji wa ukanda wa maili kumi waliotaka pwani ijitenge na Kenya, ukanda ambao kwa mujibu wa mikataba ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar. Kuna ripoti ya James Robertson ya 1961, kuna mazungumzo ya London, kuna makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte. Hayo yote yalikuwa yameshaandikwa. Nilichotaka mimi ni yaliyosemwa barazani, Mji wa Kale, Malindi, Lamu. Na yaliyosemwa barazani, nikaja kugundua, mtu aliyeyasikiliza kwa makini kuliko mwanahistoria yeyote alikuwa kachero wa Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi. Ripoti zake ndizo zilizokuwa na majina ya misikiti, nani alihutubia, watu walipiga makofi wapi. Mwanahistoria wa pwani anayewadharau makachero anatupa nusu ya ushahidi wake.

Ripoti zenyewe zilikuwa Kew, nje kidogo ya katikati ya London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, katika mfululizo unaoitwa FCO 141 ambao ulianza kufunguliwa Aprili 2012. Kalamu ya wino unaiacha kwenye kabati. Unaingia na penseli na mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo. Ukishapata kadi ya msomaji, hakuna anayekuuliza unatafuta nini wala kwa nini. Ukitoka kwenye nchi ambako kuomba jalada ni kujieleza mbele ya watu watatu, ukimya huo wa wahudumu unaweza kukulevya. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba karatasi ninazopewa kwa adabu namna ile zilikuwa zimekanwa kwa karibu nusu karne.

Chuoni nilikuta somo la ujasusi likifundishwa kama tawi kamili la historia, lenye jarida lake na maprofesa wake. Si tawi la kale. Mwaka 1984 Christopher Andrew na David Dilks walitoa kitabu chenye hoja kwamba ujasusi ni upande uliokosekana katika historia ya karne ya ishirini: wanahistoria walikuwa wakieleza maamuzi ya serikali bila kujua serikali hizo zilikuwa zimesoma nini asubuhi. Mfano ulikuwa mkononi. Vita vya Pili vilipokwisha, vitabu vingi viliandikwa juu ya majemadari na vipaji vyao, na karibu vyote havikueleza kwamba Waingereza walikuwa wakisoma simu za siri za Wajerumani huko Bletchley Park. Habari hiyo ilienea hadharani mwaka 1974, pale F. W. Winterbotham alipochapisha kumbukumbu zake, na rafu nzima za vitabu zikalazimika kuandikwa upya.

Hapo nilishtuka kwa sababu yangu mwenyewe. Baada ya ndege za Kijapani kushambulia Colombo, Aprili 1942, meli za kivita za Uingereza zilihamia Kilindini, na wavunja misimbo wakaja nazo. Waliwekwa katika Shule ya Allidina Visram, Mombasa, mbele ya bahari. Hapo ndipo, Novemba mwaka huohuo, walipoivunja JN-40, misimbo ya meli za biashara za Kijapani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo. Mimi nimezaliwa na kulelewa Mombasa. Nimepita kwenye ukuta wa shule ile nikiwa na sare ya shule ya jirani, nimecheza mpira kwenye kiwanja chake, na hapana mwalimu hata mmoja aliyewahi kunieleza jambo hilo, kwa kuwa walimu wenyewe hawakuwa na pa kulijulia. Nililijua katika maktaba ya Uingereza, kwenye tanbihi.

Siri ile ya Kilindini siilaumu. Kama Mjapani angejua misimbo yake inasomwa angeibadilisha kesho yake, na mabaharia wangekufa. Ninachouliza ni kwa nini ilihitaji miaka zaidi ya thelathini. Sababu ya siri ilikuwa imeshakwisha, ila siri yenyewe ilikuwa imezoea kukaa.

Bletchley iko Buckinghamshire. Katika jimbo hilohilo, mwendo mfupi kwa gari, kuna Hanslope Park, makao yenye ulinzi mkali ya mawasiliano ya serikali ya Uingereza. Humo ndimo yalimokuwa majalada ya W.

Jinsi yalivyotoka ni kisa kinachostahili kusimuliwa polepole. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, waliokuwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London wakidai fidia kwa mateso. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwepo katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku mahabusu 11 walipopigwa hadi kufa. Yeye alipoteza fahamu na akawekwa pamoja na maiti. Maelezo ya kwanza ya serikali kuhusu Hola yalikuwa kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Utetezi wa serikali ya Uingereza mahakamani ulikuwa wa kisheria: deni, kama lipo, lilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Na juu ya karatasi ilijibu kwamba zilizopo zimeshatolewa.

Wanahistoria watatu walisimama upande wa wazee: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Anderson hakuwa na jalada lolote la siri mkononi. Alikuwa na barua za kawaida za kiofisi, za miaka ya sitini, ambamo Kenya ilikuwa imeomba irudishiwe karatasi zilizobebwa na maofisa wa Uingereza wakajadiliana wajibu nini. Majadiliano ya namna ya kukataa yalithibitisha kwamba kipo kinachokataliwa. Akaieleza mahakama: majalada kama 1,500 yalisafirishwa kutoka Nairobi, yako wapi? Januari 2011 serikali ikakiri kwamba yamepatikana, masanduku 300 ya Kenya peke yake. Na pembeni yake, majalada mengine ya makoloni 36. Jumla iliyotangazwa wakati ule ilikuwa 8,800.

Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo wazee walikuwa wakiyasema tangu zamani na kuambiwa wanatia chumvi. Mlikuwa na barua ya 1957 ya Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni, kwa Gavana Baring, ikijadili namna ya kuhalalisha kipigo kambini, na kushauri kwamba ikiwa hapana budi kutenda dhambi basi itendwe kimyakimya. Mtu anayeandika sentensi kama hiyo anajua hasa anachokifanya. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema ukoloni ulificha kwa sababu haukujali. Ulijali sana. Bunge la London lilikuwa lipo, wabunge walikuwa wakiuliza maswali, Enoch Powell, ambaye hakuwa rafiki wa mtu mweusi, alisimama Julai 1959 akaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe juu ya Hola. Dikteta hahitaji jalada pacha. Hilo ni zao la serikali inayojua kwamba siku moja itaulizwa.

Kilichofuata mahakamani kina kejeli ambayo sijaacha kuwasimulia wanafunzi. Serikali ilitoa hoja kwamba kesi imechelewa mno, mashahidi wamekufa, haki haiwezi kutendeka. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo: kesi ya haki bado inawezekana, alisema, kwa kuwa ushahidi wa maandishi ni mwingi mno. Wingi huo ulitoka kwa sehemu kubwa Hanslope. Karatasi zilizofichwa ili zisimwaibishe mtu ndizo zilizowafungulia wazee mlango. Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ukigawanya, haifiki pauni 4,000 kwa mtu.

Nadhani nimesema ya kutosha kuwashitaki Waingereza. Sasa jambo ambalo si rahisi.

Katika kusoma ripoti za pwani niliangukia jina. Wakaguzi hufuta majina ya watoa habari kabla ya kulifungua jalada, lakini wakaguzi ni watu, na jina hili, likiwa limeandikwa kwa tahajia mbovu ya Kizungu, lilikuwa limewapita. Mtu huyo alikuwa akikaa na wazee wa Mwambao, akinywa kahawa yao, halafu akipeleka maneno yao kwa ofisa mmoja kila wiki. Ukoo wake naujua. Wajukuu zake wapo, mmoja anauza vitambaa mtaa tuliokuwa tukikaa, na babu yao wanamkumbuka kama mcha Mungu aliyeheshimiwa na watu wote. Sikulinakili jina hilo. Halimo katika tasnifu yangu, wala halimo humu, wala sijamwambia mke wangu.

Profesa wangu aliposikia kwamba nimeacha kitu, alinihoji kwa upole lakini kwa ukaidi. Mwanahistoria anayechagua nini kisomwe na nini kisisomwe, alisema, amevaa koti la yule ofisa mwenye muhuri. Nilimjibu kwamba kuna tofauti: mimi nimeandika katika tasnifu kwamba mtoa habari alikuwepo, nikataja jalada lake kwa namba, nikasema nimeliacha jina kwa hiari na kwa sababu gani. Anayetaka aende Kew alisome. Nimeficha jina, sikuficha kwamba nimeficha. Hatukufikia mwafaka, na sidhani kwamba tulipaswa kufikia. Ila katika kumjibu ndipo nilipoipata fikra ambayo nimeishikilia tangu siku hiyo, kwamba cha kupima katika siri ya serikali ni kama siri hiyo ina risiti. Jalada lililofungwa miaka hamsini, lenye namba, lililomo katika orodha, lina mwenyewe wa kuulizwa. Jalada ambalo hata kuwepo kwake kumekanwa, na mahali pake limeketi pacha, hilo halina mlango wa kugongwa.

Miaka michache baadaye, nikiwa nimesharudi, nilikwenda kumtembelea mzee mmoja aliyekuwa karani wa ofisi ya wilaya, pwani, wakati wa uhuru. Nilimwamkia, akaniitikia, akaagiza kahawa. Nikamweleza habari za muhuri wa W.

"Ewaa," akasema. "Kumbe ndiyo ile."

"Ipi, Ami?"

"Walituambia masijala inatiwa rangi. Tukakaa nje siku nyingi, tukilipwa kwa kukaa. Tuliporudi, hapana rangi."

"Mlijua kwamba majalada yamepungua?"

"Mwanangu, mimi yale majalada nayajua kwa uzito. Ukilinyanyua moja, kabla hujasoma jina, mkono umeshakwambia ni lipi. Yalikuwa yamekuwa mepesi."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akacheka, cheko la mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo peke yake mara nyingi. "Nimwambie nani? Aliyekuja baada ya Mzungu naye alikuwa na kabati lake la kufuli. Na funguo hakunipa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonirudisha nyumbani, maana kazi kama yangu ina hatari ya kumalizikia London. Ni rahisi kukasirika ukiwa Kew. Kenya huru iliomba karatasi zake mwaka 1967, ikakataliwa, ikaomba tena baadaye. Maofisa wa hifadhi yetu walihangaika kwa miaka na hawakupewa haki yao ya kusifiwa. Lakini ile serikali iliyowatuma nayo haikuwa na hamu kubwa ya kujua. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya hadi 2003, miaka 40 ya uhuru. Special Branch haikuvunjwa, ilibadilisha wakubwa. James Kanyotu aliiongoza idara ya ujasusi kuanzia 1965 hadi 1991, na Wakenya wengi wangeweza kukaa naye kiti kimoja cha basi wasimtambue. Katika vyumba vya chini ya Nyayo House, Nairobi, miaka ya themanini, watu waliteswa kwa mbinu ambazo mtu wa kambi za Mau Mau asingehitaji kuelezwa. Milango ya vyumba hivyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003 pia. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa pumzi.

Hata hivyo wasomaji wanaotucheka eti idara zetu za siri ziliendeshwa bila sheria napenda kuwakumbusha tarehe. Tanzania iliipa Usalama wa Taifa sheria yake mwaka 1996, Kenya ikafuata 1998. Ni kweli zilichelewa. Uingereza nayo? MI5 ilipata sheria mwaka 1989. MI6, iliyoanzishwa 1909, haikukiriwa rasmi hadi 1992 na haikuwa na sheria hadi 1994. Kwa miaka 85 demokrasia mama, kama inavyopenda kuitwa, ilikuwa na shirika la ujasusi ambalo kisheria halikuwepo. Tanzania ilikuwa nyuma yake kwa miaka miwili.

Marekani walilichukua jambo hili mapema kuliko Waingereza, kwa kishindo chao. Mwaka 1975 Seneta Frank Church aliongoza kamati iliyofungua majalada ya CIA, na ripoti yake ikaeleza kwa maandishi rasmi kwamba mwaka 1960 sumu ilipelekwa Leopoldville kwa ajili ya Patrice Lumumba wa Kongo. Haikutumika, Lumumba alipigwa risasi Katanga, Januari 1961, na mkono wa Ubelgiji katika hilo ukaja kukubaliwa na tume ya bunge lao wenyewe mwaka 2001. Nilipokuwa mwanafunzi nilivutiwa na ujasiri wa kamati hizo. Siku hizi ninaziangalia kwa jicho kavu zaidi. Zote zilikuja wahusika wakuu wakiwa wamestaafu au wamekufa. Na zote mbili zilifanikiwa kwa sababu moja ya kiofisi tu: kulikuwa na mtu ndani aliyeweza kuambiwa, lete orodha ya kila kitu ulicho nacho, na akitoa pungufu anashitakiwa.

Baada ya aibu ya mwaka 2011, ilijulikana kwamba majalada ya makoloni hayakuwa peke yake. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na shehena nyingine ya nyaraka zilizopaswa kufunguliwa kisheria na hazikufunguliwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa majalada milioni 1.2, baadaye ikashushwa hadi karibu 600,000. Baadhi ni ya karne ya 17. Waandishi wa habari waliandika juu ya ukubwa wa ghala. Mimi kilichonivuta ni kwamba, kwa shingo upande, walichapisha orodha. Orodha mbovu, yenye maelezo ya maneno mawili matatu kwa rafu nzima, yaani orodha ya mtu asiyetaka kueleweka. Lakini orodha. Kuanzia hapo mtafiti anaweza kuandika barua akasema: nataka kilichomo katika mstari huu. Kabla ya hapo angeandika nini?

Ninaposomesha somo hili sasa, siwaanzishi wanafunzi kwa James Bond wala kwa Bletchley, ingawa ndivyo wanavyotarajia na wengine hununa. Naanza na Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016, iliyozaliwa na Kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria hiyo inaruhusu serikali kukataa kutoa habari kwa sababu ya usalama wa taifa, na mimi naona ni sawa iruhusu. Nchi iliyopigwa na magaidi Westgate na Garissa haiwezi kuendesha ujasusi wake kwenye kipaza sauti. Wanafunzi hubishana. Mmoja, msichana kutoka Wajir, aliniambia kwamba kwao neno usalama wa taifa lina sura ya gari jeupe lisilo na namba, na kwamba mimi naliongelea kama mtu wa Mombasa Kisiwani. Nikamwambia aandike hayo katika insha yake. Aliandika, na ni insha bora niliyosahihisha mwaka ule.

Halafu nawapa zoezi. Kila kikundi kichague ofisi moja ya umma iliyokuwepo kabla ya uhuru na kiiandikie barua chini ya sheria hiyo. Wasiombe jalada lolote. Waombe orodha tu: majalada gani mnayo yaliyofunguliwa kabla ya Desemba 1963, yapi yamefungwa, yamefungwa kwa kifungu gani, hadi lini. Sheria inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21.

Wengi hawajibiwi. Ofisi moja ilijibu kwa adabu kwamba orodha ipo lakini inatumiwa. Nyingine ilimpigia simu mwanafunzi, ikamuuliza ametumwa na nani. Ya tatu iliandika barua rasmi, yenye muhuri na sahihi, ikisema kwamba majalada ya kipindi hicho ni siri, na kwamba orodha ya majalada ya siri ni siri pia. Barua hiyo ndiyo tuliyoifurahia kuliko zote, kwa kuwa ni maandishi. Kikundi kimeiambatanisha na malalamiko ambayo kimeyapeleka kwa Ombudsmani, na namba ya malalamiko tumeshapewa.